Hukumu ya Bi Hawa Mohamed na Paa la Watoto: Uhakiki kwa Ajili ya Wachungaji

Utangulizi

Hukumu za mahakama hazisomwi sana katika vyuo vyetu vya theolojia. Tunasoma Maandiko, Ungamo la Augsburg, historia ya Kanisa na maadili. Hukumu tunawaachia wanasheria. Walakini ipo hukumu moja ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania ambayo kila mchungaji anayeketi katika baraza la usuluhishi la ndoa hana budi kuifahamu, kwa kuwa inagusa swali linaloletwa ofisini kwake kabla halijafika mahakamani: ndoa yenye watoto ikivunjika, ni nani abaki chini ya paa, na ni nani atoke? Hukumu hiyo ni ya shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983.

Wanasheria wameisifu hukumu hiyo kwa miaka mingi, na sifa hizo inastahili. Katika makala haya tunakusudia kuisoma kama theolojia inavyosoma andiko lolote lenye mamlaka juu ya maisha ya watu: tukitazama kile inachosema, kile inachokinyamazia, na matunda yake. Hoja yetu ni kwamba hukumu hii ilifungua mlango mkubwa, ila ilimfundisha kila aliyeifuata kuuliza swali la mchango kwanza na swali la watoto baadaye. Tunaona kwamba mpangilio huo wa maswali hauna budi kugeuzwa, na kwamba Kanisa linayo nafasi ya pekee ya kuugeuza.

Sheria na neno lililobishaniwa

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliziweka ndoa za Kikristo, za Kiislamu, za kimila na za kiserikali chini ya sheria moja. Kifungu chake cha 114 kinaipa mahakama uwezo, inapotoa amri ya kutengana au ya talaka, au baada ya kuitoa, kugawanya mali ambayo wanandoa waliichuma katika ndoa kwa juhudi zao za pamoja. Katika kugawanya, mahakama inaagizwa kutazama mambo manne: mila za jamii ya wahusika, kiasi cha mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, wa mali au wa kazi, madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote wawili, na mahitaji ya watoto wadogo wa ndoa hiyo. Baada ya kuyazingatia hayo, mahakama yapaswa kuelekea kwenye mgawanyo ulio sawa.

Ubishi ulizuka juu ya maneno “juhudi za pamoja”. Mwanamke aliyepika, akafua, akazaa na kulea, bila kuleta mshahara nyumbani, je, amechuma? Katika miaka ya sabini walikuwapo majaji wa Mahakama Kuu waliojibu kwamba hakuchuma: hizo ni kazi za kila mke, na malipo yake ni kutunzwa na mumewe maadamu ndoa ipo. Wengine walijibu kwamba amechuma. Maisha ya mwanamke aliyeachwa yakategemea mlango wa jaji aliyeangukia.

Bi Hawa alikuwa mama wa nyumbani. Nyumba iliyobishaniwa ilipatikana kwa fedha za mumewe, nazo mahakama za chini zilimnyima fungu. Jaji Mkuu wa wakati huo, Francis Nyalali, akiiandika hukumu ya Mahakama ya Rufani, aliuliza ni ovu gani ambalo Sheria ya Ndoa ilikusudia kuliondoa. Jibu lake lilikuwa kwamba ovu hilo ni unyonywaji wa muda mrefu wa wanawake walioolewa. Kwa hiyo, akaamua, kazi za nyumbani ni mchango halali, nazo zimo ndani ya juhudi za pamoja.

Ushindi usiomfikia mwenye shauri

Hapa ndipo wengi wanapoacha kusoma. Sisi tunamwomba msomaji aendelee hadi ukurasa wa mwisho, maana Bi Hawa mwenyewe alishindwa. Mahakama iliona kwamba mumewe alikwisha kumpa fedha za kuanzishia shughuli ya kuwaingizia kipato wote wawili, naye hakuzitumia kwa kusudi hilo. Fedha hizo zikahesabiwa dhidi ya mchango wake, ikaonekana kwamba fungu lake amekwisha kulipata. Kanuni ikashinda, mwenye kanuni akatoka mikono mitupu. Tangu hapo jina lake limetumika mahakamani kuwapatia wanawake wengine kile ambacho yeye hakukipata.

Hatusemi kwamba majaji walikosea hesabu. Ikiwa swali ni mchango, basi aliyepokea na kutumia ovyo hana budi kukatwa. Jambo linalotushughulisha ni kwamba swali lenyewe ni la daftari la mapato na matumizi: huyu alileta nini, yule alipoteza nini, baki ni kiasi gani. Daftari la namna hiyo lina safu mbili tu, ya mume na ya mke. Mtoto hana safu, kwa sababu mtoto hakuchangia kitu. Yeye ni mahitaji matupu.

Na tuangalie kwamba sheria yenyewe haikumsahau. Mahitaji ya watoto wadogo yametajwa katika kifungu kile kile, jambo la nne kati ya manne. Ila kwa kuwa ubishi mkubwa ulikuwa juu ya jambo la pili, yaani mchango, mawakili na mahakimu wamezoea kusimama hapo. Miaka mingi baadaye, katika shauri la Gabriel Nimrod Kurwijila dhidi ya Theresia Hassani Malongo lililoamuliwa mwaka 2020, Mahakama ya Rufani ilikazia kwamba kiasi cha mchango ni jambo la ushahidi. Kisheria ni neno la haki. Lakini tujiulize ushahidi huo hukaa kwa nani. Mume aliyenunua saruji na mabati anazo risiti. Mke aliyechota maji ya kufyatulia matofali, akawapikia mafundi, akauguza watoto usiku ili mumewe aamke kwenda kazini, hana risiti hata moja. Hakuna duka linaloandika stakabadhi ya uji.

Hali huwa ngumu zaidi pale ambapo nyumba imejengwa juu ya ardhi ya ukoo. Tuchukue mfano wa kihamba cha Kilimanjaro, ambacho mume amekirithi kwa baba yake. Kihamba hakikuchumwa katika ndoa, na wazee wa ukoo watasema hivyo bila kusita. Lakini sheria inasema kwamba mali aliyokuwa nayo mmoja kabla ya ndoa huingia katika mgawanyo ikiwa imeendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake, au na wote wawili. Tena Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, katika kifungu cha 161, inatambua kwamba mwenzi aliyeitunza na kuiendeleza ardhi kwa kazi ya mikono yake anapata haki ndani yake, hata kama imeandikwa kwa jina la mwingine. Migomba na mibuni aliyoipanda mke ni ushahidi uliosimama shambani. Ila mtu wa kuuonyesha anatakiwa, naye aghalabu hayupo.

Maandiko yanaanza wapi

Kitabu cha Mwanzo, katika sura ya 21, kinatupa habari ya mwanamke anayetolewa nyumbani pamoja na mtoto. Ibrahimu, ambaye sura ya 13 imekwisha kutueleza utajiri wake wa mifugo, fedha na dhahabu, anaamka asubuhi na mapema, anampa Hajiri mkate na kiriba cha maji, na kumwacha aende zake. Huo ndio mgawanyo wote. Wafafanuzi wamejadili sana ahadi ya Isaka, na ni haki yao. Lakini mchungaji asiipite ile kiriba. Maji yalikwisha. Na maji yalipokwisha, andiko linasema kwamba Mungu aliisikia sauti ya kijana. Mama alilia, ila kilichotajwa kuwa kimesikiwa ni kilio cha mtoto. Hatudai kwamba mwandishi wa Mwanzo alikusudia kuandika kanuni ya mali za ndoa. Tunasema tu kwamba Mungu, alipoingilia kati, alianza mahali ambapo mahakama na mabaraza yetu hufika mwisho.

Sheria ya Musa nayo ina kiwango chake cha chini. Kutoka 21:10-11 inamlinda hata mjakazi aliyetwaliwa kuwa mke: mume akioa mwingine, chakula chake, mavazi yake na haki yake ya unyumba visipunguzwe, akimnyima hayo, na atoke huru. Nabii Mika (2:9) anawashitaki wenye nguvu wa siku zake kwamba wanawatoa wanawake katika nyumba walizozipenda na kuwavua watoto wadogo fahari ya Bwana. Kwa nabii, kumtoa mama nyumbani na kumwibia mtoto ni tendo moja. Huwezi kumhukumu mke peke yake. Ukimtoa yeye, umewatoa na waliomshika nguo.

Katekisimo na wosia wa Luther

Sisi Walutheri tuna msaada mwingine ambao hatuutumii. Katika hesabu yetu ya Amri Kumi, amri ya tisa inakataza kuitamani nyumba ya jirani. Luther, katika Katekisimo Ndogo, anaifafanua kwa namna inayogusa moja kwa moja jambo hili: tusiutafute urithi au nyumba ya jirani kwa hila, wala tusiipate kwa kisingizio cha haki. Yaani ipo dhambi inayotendwa kwa karatasi halali na mihuri iliyonyooka. Mume anayesema, “Hati ina jina langu,” huenda anasema kweli, na bado akawa anaivunja amri ya tisa. Na jirani wa kwanza wa mtu ni yule aliyelala ubavuni pake. Tena, akieleza ombi la mkate wa kila siku, Luther anaingiza humo nyumba, shamba, mifugo na fedha. Familia inayoomba Baba Yetu imeombea paa tangu zamani.

Tutazame pia alichokitenda. Mwezi Januari 1542 Luther aliandika wosia wake. Sheria ya Saksonia ya wakati ule haikumpa mjane nafasi kubwa; ilitarajiwa kwamba watoto wawekewe walezi wanaume, naye mama ategemee fungu dogo. Luther alikwenda kinyume. Alimwachia Katharina von Bora shamba la Zülsdorf, nyumba ya kukaa, na vikombe na vito vya thamani. Sababu alizozitoa ni kwamba alikuwa mke mwaminifu, kwamba angelipa madeni yaliyobaki, na kwamba hakutaka mama awategemee watoto, bali watoto wamtegemee mama. Alipofariki mwaka 1546, wosia huo ulipata upinzani wa wanasheria, hata Mteule Johann Friedrich alipouthibitisha.

Ni kweli kwamba ndoa ya Luther ilivunjwa na mauti wala si na talaka. Hata hivyo mantiki ya wosia huo yatufaa. Luther anautaja uaminifu wa mkewe, lakini haufanyi kuwa hesabu ya madai. Anauliza: nani atakayewalea hawa watoto, na anahitaji nini ili aweze? Kisha anaanza na nyumba.

Itasemwa kwamba tunachanganya tawala mbili. Kwamba mgawanyo wa mali ni kazi ya serikali, na Luther mwenyewe aliita ndoa jambo la kidunia. Tunajibu kwamba tumelisema hilo mara nyingi kwa kujitoa. Kwa Luther utawala wa kidunia ni mkono wa Mungu wa kuwalinda wanyonge. Mchungaji hapewi ruhusa ya kuketi badala ya hakimu, lakini anao wajibu wa kumwelekeza aliyeonewa kwa hakimu, na kutomzuilia njia.

Mabaraza yetu ya usuluhishi

Hapo ndipo uhakiki unapoturudia wenyewe. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa kinataka ugomvi upelekwe kwanza katika baraza la usuluhishi la ndoa kabla ya maombi ya talaka, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Na sheria inaruhusu jumuiya za dini kuwa na mabaraza yake. Ni heshima kubwa, na ni mamlaka makubwa. Baraza likikataa kuandika kwamba usuluhishi umeshindikana, njia ya mahakamani huzibika.

Mara nyingi mabaraza yetu hufanya jambo moja kwa nia njema. Kwa kuwa hatutaki talaka, tunamshauri mke arudi kwao “kwa muda, hasira zipoe”. Anaondoka na watoto na mfuko wa nguo. Muda unakuwa mwaka, mwaka unakuwa mitano; mume anamleta mwingine chini ya paa lile lile; na kwa kuwa hakuna amri yoyote ya mahakama, hakuna mgawanyo. Tumeikwepa talaka katika daftari la usharika, lakini mambo yote mabaya ya talaka yametokea, isipokuwa ulinzi wake.

Wachache wanajua kwamba sheria ina njia ya tatu. Amri ya kutengana inayotolewa na mahakama haikati kifungo cha ndoa. Wahusika wanabaki mume na mke, na toba na kurudiana bado vinawezekana. Lakini chini ya kifungu cha 114 mahakama yaweza kugawanya mali hata katika amri ya kutengana. Mchungaji ambaye dhamiri yake inamzuia kumshauri mtu aombe talaka, hazuiwi na lolote kumweleza kwamba kutengana kisheria kupo. Vivyo hivyo kifungu cha 59 kinakataza mmoja wa wanandoa kuuza, kupangisha, kuweka rehani au kutoa zawadi nyumba ya ndoa pasipo idhini ya mwenzake, na kinamruhusu mwenzi huyo kuweka zuio. Kwa nini mwanandoa ayasikie haya kwa mara ya kwanza siku dalali anapobisha hodi?

Wapo watakaosema kwamba tukianza kufundisha mambo ya mgawanyo tutawashawishi watu kuachana. Tunaiheshimu hofu hiyo, ila hatuikubali. Mke anayebaki kwa kuwa hana pa kulala hajapatanishwa, amezingirwa. Upatanisho wa Injili unawataka watu wawili walio huru. Tena hoja yetu si ya wanawake peke yao. Sheria inasema “mwenzi”. Wapo wauguzi na walimu wa kike ambao mishahara yao ndiyo iliyojenga, na wapo baba waliobaki na watoto bila paa. Kipimo ni kile kile: walipo watoto, hapo ndipo pa kuanzia.

Na nyumba ya mchungaji je?

Liko jambo moja ambalo tunapenda kulisema mbele ya wasomaji wa jarida hili. Nyumba anamoishi mchungaji kwa kawaida ni mali ya Kanisa. Si mali ya ndoa, kwa hiyo haigawanywi. Mke wa mchungaji hufanya kazi ya usharika kwa miaka mingi pasipo mshahara: hupokea wageni, huongoza umoja wa wanawake, hulima shamba la usharika. Ndoa hiyo ikivunjika, mahakama ikiulizwa wamechuma nini, jibu laweza kuwa vitanda, viti na redio. Mume atahamishiwa usharika mwingine, nako atapewa nyumba. Mama na watoto watatakiwa kuondoka ili mchungaji mpya aingie. Hakuna hakimu atakayeweza kuwasaidia, kwa kuwa mwenye nyumba si mume. Mwenye nyumba ni sisi.

Tunaona inafaa vikao vya Kanisa vijiwekee utaratibu wa maandishi: muda wa kutosha wa kukaa, usiopungua mwisho wa mwaka wa shule wa watoto, mchango wa pango katika miezi ya kwanza, na mpango wa akiba ya makazi kwa watumishi ulioandikwa kwa majina mawili. Kanisa likishindwa kutenda haki katika nyumba lililo nayo, litakuwa na neno gani kwa mume mwenye hati yake?

Hitimisho

Hukumu ya Bi Hawa ilisema kweli ambayo ilikuwa imekataliwa: kazi ya mama wa nyumbani ni kazi. Hatutaki kurudi nyuma ya mstari huo hata hatua moja. Upungufu tulioutaja ni wa mpangilio. Mchango ulipofanywa kuwa swali la kwanza, aliyeharibu hesabu alipoteza yote, na asiye na mchango hakuonekana. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatamka kwamba mtoto ana haki ya chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Haki hiyo haipimwi kwa risiti za mama wala kwa mwenendo wake.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba baraza la usharika, kabla halijaandika hati yake kwenda mahakamani, liyaandike mambo matatu kwa usahihi: watoto ni wangapi na wana umri gani, wanalala wapi sasa na watalala wapi mwezi ujao, na ni mali gani iliyopo, ikiwa na majina ya mashahidi waliomwona kila mmoja akitenda kazi. Orodha hiyo haimwamulii hakimu lolote, ila inampa ushahidi ambao mama wa nyumbani hana. Na katika mafundisho ya ndoa, pamoja na kuwafundisha wachumba juu ya kusameheana, tuwashauri waandikishe kiwanja chao kwa majina mawili, kwa kuwa mali iliyoandikwa kwa majina yote mawili huchukuliwa kisheria kuwa ni yao kwa usawa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ni ushauri wa dakika tano. Wanafunzi wanaotoka chuoni mwaka huu kwenda kwenye sharika zao waweza kuanza nao katika darasa lao la kwanza la wachumba.